Kelele za Mama kwenye Barabara ya Kimya

Jumatatu, tarehe 6

Muuguzi wa zahanati amenipima presha, akakunja uso, akaniuliza leo nimempigia simu binti yangu mara ngapi. Nikasema si nyingi. Akauliza tena, huku ananiangalia usoni. Nikasema ni zile za kawaida tu: ya kumuuliza kama amefika, ya kumuuliza kama amekula, na ya kumuuliza kwa nini hapokei. Akasema wasiwasi uliobaki niwe nauandika, ili binti apumue. Haya, naandika. Shule niliiacha mapema lakini mkono haujasahau.

Wasiwasi wa leo: baiskeli.

Binti, kitinda mimba wangu, ameingia jioni na habari. Ile kampuni ya kutembeza wageni kwa baiskeli inatafuta barabara za kimya katikati ya mashamba ya mizabibu. Wageni wenyewe wanatoka kwenye miji ya honi na moshi. Wanataka kupanda na kushuka vilima, kutazama zabibu, kuonja mvinyo kiwandani, na kusikia matairi yao tu. Matairi! Mtu anasafiri kuja kusikiliza tairi.

Ijumaa anakuja Mchora Njia, ndiye anayepita kwanza na kuamua barabara ipi inafaa. Atapita ya kwetu. Ikifaa, Binti atakuwa kiongozi wa misafara, atalala hapa hapa nyumbani chini ya macho yangu. Isipofaa, atapelekwa vilima vya ng'ambo ya mto, akapange chumba kwa watu nisiowajua, ambao sijui hata kama huwa wanafunga mlango.

Nikasema itafaa tu. Barabara yetu haina magari, labda trekta la kiwanda na lile gari la maji. Binti akaangalia sufuria. Akasema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba: "Tatizo ni wewe, mama."

Maana kazi yangu mimi ni kelele. Naamia ndege. Zabibu zikianza kuiva, ndege wanakuja kama waalikwa, na mimi nazunguka kwenye mistari ya mizabibu kutwa nzima, napiga debe kwa mwiko na kupaza sauti ili wasitue. Shamba lenyewe limeegemea barabara. Na sauti yangu inasifika. Siku ya kuniajiri, mnyapara alisema debe atanipa kwa heshima tu, sina haja nalo.

Baba watoto kacheka mpaka chai ikamtoka puani. Eti mimi nikinong'ona, jirani anaitika. Nimemnyima kipande cha pili cha mkate.

Mpango: Ijumaa nitaamia ndege kimyakimya. Jambo dogo.

Jumanne, tarehe 7

Nimejaribu. Nimetumia shuka la kitanda, lile la maua makubwa. Wazo langu lilikuwa hili: ndege anaogopa kitu kinachotembea, kelele ni nyongeza. Nikalishika ncha mbili, nikakimbia nalo juu ya kichwa kati ya mistari, mdomo nimeubana. Mara ya kwanza wakaruka wote. Nikajiona fundi! Mara ya pili wakaruka nusu. Mara ya tatu wakajipanga juu ya waya, wakanitazama. Mmoja alikuwa anakula huku ananitazama, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Na nani mwingine ananitazama? Mama Filimbi. Yeye anaamia shamba la kilima cha pili, kati yetu kuna bonde na kijito tu. Simpendi tangu alipowaambia watu kwamba mimi sina pumzi. Akapaza sauti kutoka kule: "Mwenzangu! Nyuki?" Nikatikisa kichwa. "Basi ni mashetani?" Nikajitia hamnazo.

Akapuliza filimbi yake. Hapo ndipo nikaona jambo ambalo miaka yote hii sijawahi kulifikiria. Akipuliza yeye, ndege wake wanavuka bonde na kuja kwangu. Nikipiga debe mimi, wanarudi kwake. Kumbe tunarushiana ndege kama mpira wa wavu! Na leo mimi sikurudisha mpira. Kufika adhuhuri, ndege wa vilima viwili walikuwa kwenye mizabibu yangu, wamekaa kifamilia.

Mnyapara akapita na pikipiki. Akasimama. Akaangalia ndege. Akaniangalia mimi na shuka langu. Akauliza kama nimekuja kufua au kufanya kazi. Nikakimbilia debe, nikalipiga mpaka likabonyea.

Kwa hiyo tatizo si mimi peke yangu. Ijumaa filimbi nayo lazima inyamaze. La sivyo Mchora Njia ataisikia, na ndege wote watahamia kwangu wakati mimi nimefunga mdomo. Kesho namwendea Mama Filimbi.

Jumatano, tarehe 8

Nimemwendea na mayai na tabasamu. Alipoyaona mayai tu akauliza nani amekufa.

Ningeweza kumwambia ukweli. Mwenzangu, ni ya mtoto, nisaidie. Yeye naye ni mama. Lakini nikaona akijua kuna kazi ya kuongoza wageni, atamsukuma mpwa wake, yule mwenye baiskeli ya mbio na miguu iliyonyolewa. Basi nikadanganya. Nikasema nimesikia kiwandani kwamba mlio wa filimbi unachachisha zabibu zikiwa bado kwenye mzabibu. Ni ule wembamba wake. Unapenya ganda. Nikaongeza kwamba hata mvinyo wa mwaka jana ulilalamikiwa.

Macho yakamtoka pima. Akashika kifua. Mwaka jana alipuliza sana, maskini! Akaivua filimbi shingoni, akaifunga kwenye leso kama meno ya marehemu, akanishukuru, akanipa na kiti. Nikarudi nyumbani nikiimba. Nikamwambia Baba watoto kwamba kichwa hiki wangekisomesha kingefika mbali. Akasema kimeshafika mbali, sasa kirudi.

Alasiri nikasikia mlio. Si filimbi. Kama mtu anabomoa mlango wa chuma. Nikatoka mbio. Mama Filimbi amechukua beseni la bati, lile la kuogea familia nzima, amelitundika kwenye nguzo na analipiga kwa kipande cha nondo. Aliponiona akapunga mkono kwa furaha. Akapaza sauti kwamba nisiwe na wasiwasi tena, huu ni mlio mnene, haupenyi ganda!

Bonde zima linatetemeka. Kuku wangu mmoja amehamia kwa jirani.

Binti amerudi, ameegemeza baiskeli ukutani, akauliza nani amempa Mama Filimbi wazo la beseni. Nikasema watu siku hizi wana mambo.

Alhamisi, tarehe 9

Leo nimemwona anashuka.

Siku zote nilikuwa nafumba macho. Leo nilikuwa nimeinama naokota vichala vilivyodondoka, pale chini ya shamba kwenye kona ya kuelekea darajani. Nikasikia vuuu! Kuinua kichwa, Binti. Kalala juu ya usukani kama mtu anayesinzia, viwiko ndani, magoti kayabana. Moyo ukanilipuka paa! Nikamwita jina lake lote, la kwake na la babu yake. Nilipomaliza alishavuka daraja.

Basi nikaenda nyumbani, nikachukua godoro la kitanda cha wageni, nikalifunga kwa kamba kwenye nguzo ya umeme pale konani. Na mto mmoja juu ya jiwe. Si jambo kubwa. Mtu akikosa kona, akute pa kulala. Baba watoto akapita, akalitambua godoro, akaendelea na safari yake kama hatujuani.

Binti hakucheka. Akalifungua mwenyewe, akalibeba kichwani hadi nyumbani, watu wa gari la maji wakimsindikiza kwa honi. Akanikalisha kitini kama yeye ndiye aliyenizaa. Akasema kazi hii ameitafuta muda mrefu. Kwamba asubuhi akiwa anapanda kile kilima, barabara tupu, ukungu umelalia mizabibu, miguu inauma na hakuna mtu wa kumwuliza chochote, hapo ndipo anajisikia mtu kamili. Sikujua mwanangu anaongea vizuri hivyo. Nikataka kumwuliza kama kwenye huo ukungu anavaa sweta, lakini nikameza.

Akasema ana ombi moja. Kesho nisionekane barabarani. Godoro lisionekane. Sauti isisikike. Nimwahidi.

Nikaahidi. Nikaapa kabisa, mkono kifuani.

Na barabarani sitakuwepo. Shamba si barabara.

Maana ndege nao lazima waamiwe. Mnyapara amesema akikuta kichala kingine kimedonolewa, nitafute kazi ya kufua. Na pale ukingoni mwa shamba amesimama Bwana Majani, yule mtu wa nyasi na magunia tuliyemvisha koti la zamani ili atishe ndege. Wamemzoea siku nyingi. Wanamkalia, wanamnyea, hawamwogopi hata kidogo. Sasa je, Bwana Majani akianza ghafla kutikisa mikono? Bila sauti?

Nimejaribu koti lake. Limenikaa.

Ijumaa, tarehe 10

Jioni. Miguu iko kwenye beseni la maji ya moto. Niandike kabla aibu haijapoa.

Asubuhi nilimlaza Bwana Majani chini ya mizabibu, nikasimama mahali pake. Koti, kofia pana, nyasi mikononi, gunia usoni lenye matundu mawili ya macho. Ufito mabegani, mikono nimeitandaza. Mwanzo mambo yakaenda vizuri ajabu. Ndege wakaja, wakatua. Nikatikisa mkono mmoja. Walivyoshtuka! Kama wamemwona marehemu ameketi kitandani. Wakaondoka bila hata kulia. Nikajisemea moyoni, we mwanamke, we!

Ng'ambo ya bonde beseni likalia. Ndege wa kule wakaja. Nikatikisa, wakarudi. Beseni likalia, wakaja. Nikatikisa. Mabega yakaanza kuwaka moto. Jasho likaniingia machoni na sina mkono wa kulifuta. Kisha bahati! Mama Filimbi akaacha nondo, akaenda kunywa chai. Bonde likatulia kabisa, na hapo hapo nikasikia minyororo ya baiskeli.

Mchora Njia nilimtarajia kijana. Kumbe ni mama mtu mzima, rika langu kabisa, kavaa suruali ya kubana hadi magotini na miwani kama nzi. Kaupanda mlima wetu anahema kidogo tu. Binti yuko nyuma yake. Wakasimama kupumzika. Wapi? Mbele yangu! Barabara yote ile na vivuli vyote vile!

Mchora Njia akanywa maji. Akafumba macho. Akasikiliza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ametembea sana na kimya kama hiki hajakikuta. Nusura niseme ahsante.

Ndege akatua kwenye kofia yangu. Mwingine begani. Sikutikisika. Yule wa begani akaanza kunichomoa nyasi za shingoni, moja moja, anachagua.

Mchora Njia akamuuliza Binti kama njia hii ikipita, yuko tayari kuiongoza yeye. Binti akasema njia hii anaipenda kama ndugu, anaijua kila shimo. Lakini anaomba, kama inawezekana, apewe ile ya ng'ambo ya mto. Kwa nini? Kwa sababu ya mama yake. "Mama ana roho ya kuku," akasema. "Akiniona nashuka hapa kila siku, presha itamlaza. Nikiwa mbali, asiponiona, atapumzika."

Nililia ndani ya gunia. Kimya kabisa, mimi! Kumbe mtoto haendi mbali kwa kunichoka. Anaenda mbali ili nisife. Machozi yakatokea kwenye matundu na yule ndege hakuondoka. Nikajikaza kisabuni. Nikasema leo ni siku ya mtoto, sitatikisika hata dunia ipinduke.

Kisha Mchora Njia akauliza, kwa kupiga soga tu, kwenye kona ile ya chini Binti huwa anaanza kushika breki wapi.

Binti akacheka. Akasema akiwa peke yake hashiki kabisa, mpaka darajani.

"HUSHIKI NINI?"

Sikukusudia. Ilitoka yenyewe. Mnyapara ameniambia aliisikia kiwandani na mashine zinafanya kazi. Ndege wote wakainuka kwa pamoja, wale wa vilima viwili, kama zulia linalokung'utwa. Mchora Njia akageuka, akaona mtu wa nyasi anamjia mikono juu, anadai maelezo ya breki. Akarudi nyuma. Akarudi nyuma tena. Nyuma kulikuwa na mtaro.

Kimya kikatanda. Kizuri sana, kusema kweli. Kisha tairi la baiskeli yake likawa linazunguka peke yake juu ya mtaro, tik, tik, tik.

Binti hakupiga kelele. Akanivua lile gunia, akaniangalia, akalikunja vizuri mara nne, akanirudishia.

Jumamosi, tarehe 11

Mchora Njia amelala kwetu. Goti limevimba kama boga. Baba watoto anampelekea chai kila akigeuka, kavaa shati la harusini.

Binti haongei nami. Anapita. Anaosha vyombo. Anapita. Nyumba imekuwa kimya. Sasa hao wageni wangekuja!

Mnyapara amekuja kukagua shamba. Nikajiandaa kufukuzwa. Akazunguka, akarudi anakuna kidevu. Akasema mistari miwili imedonolewa vibaya, kwa hilo atanikata mshahara. Lakini tangu ule ukelele wa jana hakuna ndege hata mmoja aliyerudi mpaka leo asubuhi. Akauliza kama naweza kuwa naupiga kila siku saa ile ile. Nikamwambia ule hautoki kwa kuombwa.

Nikaenda kumkanda Mchora Njia goti kwa maji ya chumvi. Nikaomba radhi. Akasema amedondoka kwenye mitaro mingi, lakini hajawahi kutiwa humo na mtu wa nyasi, itabidi awasimulie wenzake. Kisha akaniambia ana kijana wake anaendesha pikipiki mjini. Bila kofia ngumu! Tukashikana mikono. Tukazilaani pikipiki pamoja kwa muda mrefu. Mtu mwema sana. Suruali ile nimeizoea.

Jioni nikamkuta Binti uani, anasafisha mnyororo kwa kitambaa. Nikakaa chini kando yake. Nikamwambia nilisikia. Akasema anajua, bonde zima lilinisikia. Nikasema hapana, yale ya kabla ya breki. Ya roho ya kuku.

Mkono wake ukasimama.

Nikamwambia kama mimi ndiye sababu, basi asiende kokote. Nitafumba macho kila anaposhuka, nitanunua vizibo vya masikio, nitakaa jikoni. Akasema tatizo si macho yangu. Ni kwamba akifika ile kona anamwona mama yake kichwani badala ya barabara, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Nikachukua kitambaa, nikafuta tairi ambalo lilikuwa safi. Akaegemea bega langu kidogo, lile lililochomolewa nyasi. Akaahidi atashika breki. Nikaahidi nitashika mdomo.

Jumapili, tarehe 12

Njia imepita! Imepita!

Mchora Njia amechukuliwa na gari la kampuni. Kabla ya kuondoka ametukusanya sebuleni, mguu juu ya kigoda, akasema barabara yetu ndiyo bora aliyoiona, ukiacha lile tukio. Na Binti ndiye kiongozi wake. Baba watoto akapiga makofi. Mimi nikapiga kigelegele, Mchora Njia akaziba masikio.

Ila kuna jambo. Wageni hawatapitishwa kwetu mpaka mavuno yaishe, zabibu ziingie kiwandani, na mimi na Mama Filimbi tuweke vyombo chini. Hadi hapo Binti ataanzia ng'ambo ya mto, maana huko hakuna kelele. Mavuno yakiisha anarudi nyumbani. Ni wiki chache tu.

Nikauliza kama ni wiki nzima nzima.

Baba watoto akasema nalia kama mtoto anavuka bahari. Ni mto, tena una daraja. Nikamwambia daraja ndilo linalonitisha.

Lakini nimekubali. Mbele ya wote. Nimesema aende.

Jumatatu, tarehe 13

Ameondoka asubuhi kwa baiskeli yake, begi mgongoni. Nimempa sweta. Nimempa lingine, la juu ya lile.

Nilisimama shambani, si barabarani. Akapita akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndivyo wanavyosalimiana. Akaenda. Akafika konani. Na hapo nikasikia kwiiii! Breki! Kashika breki kwa nguvu zote, tena mapema kabisa, mahali ambapo hata kikongwe asingeshika. Kashika ili nisikie. Sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule.

Mama Filimbi kaja kunipa pole, mayai yangu yale yale kayapika kayarudisha. Akasema kama ningemwambia tangu mwanzo kwamba ni mambo ya mtoto, angekaa kimya kutwa nzima na hata ndege angewabembeleza. Akauliza kwa nini sikusema. Nikaona haya. Nikamwambia mwenzangu, siku nyingine nitasema. Tumekula mayai pamoja. Si mbaya, yule mama.

Nimebadilika. Naandika hapa niwe na ushahidi. Mtoto anaachwa aende. Jirani anaambiwa ukweli. Na barabara ya kimya inaachwa na kimya chake. Ni mambo mepesi tu, sijui kwa nini watu yanawashinda.

Alhamisi, tarehe 16

Sijampigia simu. Ile ya kuuliza hali ya hewa ya huko si simu, ni hewa.

Leo dereva wa gari la maji katoka ng'ambo ya mto. Sikumuuliza kitu. Nilimuuliza tu kama amemwona Binti, amevaa nini, amekonda kiasi gani, na barabara yenyewe ikoje. Akasema ni nzuri ajabu. Kule mashamba yote yamefunikwa neti, kilima hadi kilima, hakuna mtu anayeamia ndege. Kimya mpaka unasikia masikio yako yenyewe. Wageni wanafurahi sana. Na mteremko wake! Akachora hewani kwa mkono. Mrefu mara mbili ya wetu, unakwenda kona, kona, kona.

Nikatulia. Nikanywa maji. Nimebadilika, hilo liko wazi.

Nikawaza tu kuhusu neti. Neti ni kamba nyembamba. Neti inatoboka. Je, wale wenye mashamba wanalijua hilo? Si vizuri mtu mwenye uzoefu kama mimi ajue hatari na anyamaze.

Nimemwomba mnyapara wetu namba ya mnyapara wa kule. Amenipa kabla sijamaliza sentensi, akaongeza kwamba nikitaka kwenda hata leo, atanisogeza mwenyewe kwa pikipiki. Sijui kwa nini alikuwa anatabasamu, huwa hatabasamu.

Mnyapara wa kule nimempigia. Nimemweleza kwamba ndege wa mwaka huu wamejanjaruka, wanatoboa neti kwa mdomo, nimeshuhudia kwa macho yangu. Kashtuka mno. Ameniuliza naweza kuanza lini.

Shamba langu atashika Mama Filimbi kwa muda. Nimemwambia naenda kumuuguza shangazi. Amelia. Anampenda sana shangazi yangu, hajui kwamba sina.

Baba watoto ameniona nakunja nguo, ameuliza naelekea wapi. Nikasema kazini. Akakaa kitandani akafunika uso kwa kofia. Ndivyo wanaume walivyo, hawapendi mke atafute riziki.

Naanza kesho asubuhi. Nimeomba nipangiwe upande wa barabara, pale mteremko unapoanzia. Binti hatajua kama nipo. Na kimya chao nitakilinda kama mboni ya jicho: akipita na wageni wake, nitamkumbusha breki kwa neno moja tu, basi.

Neno moja kwa kila kona. Dereva anasema kona za huko hazihesabiki.